Swali linalochelewa: Bunge, serikali na majanga yanayoikaribia Goma

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Mugunga na Lac Vert, magharibi mwa Goma, yakaua watu ambao tayari walikuwa wamekimbia vita mara moja au zaidi. Siku hiyo Kongo ilikuwa na Waziri Mkuu aliyeteuliwa, Judith Suminwa, lakini hana mawaziri. Serikali ya zamani ilikuwa imejiuzulu tangu Februari na ilibaki kushughulikia mambo ya kawaida tu. Bunge la Taifa nalo lilikuwa chini ya ofisi ya muda, ambayo kwa mujibu wa katiba kazi yake ni kuhakiki wabunge wapya, kuandaa kanuni za ndani na kusimamia uchaguzi wa ofisi ya kudumu. Kumwita waziri ajieleze hakumo katika kazi hizo. Spika alichaguliwa 22 Mei. Serikali ya Suminwa iliidhinishwa 12 Juni. Na katiba inakifunga kikao cha kawaida kilichoanza Machi ifikapo 15 Juni.

Yaani katika miezi ile ambayo barabara za kuingia Goma zilikuwa zinakatwa moja baada ya nyingine, na kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo zinafurika watu wa Masisi, hapakuwa na serikali kamili ya kuulizwa, na Bunge lenye mamlaka ya kuuliza lilikuwa bado halijakaa sawasawa. Mjini watu walisema depite wetu, yaani wabunge, wamenyamaza. Wapo walionyamaza kweli. Lakini anayetaka kuelewa ni vipi serikali inaweza kulitazama janga likija kwa miezi bila kubanwa na yeyote, itambidi aende mbali kuliko hasira. Ajue maswali ya Bunge hupita njia gani, nani anaweza kuyazuia, na kwa nini kwetu Kivu Kaskazini yamekuwa yakifika kwa kuchelewa.

Katiba ya 2006, ibara ya 138, inawapa wabunge na maseneta njia tano za kuifuatilia serikali. Kuna swali la mdomo au la maandishi, ambalo laweza kuwa na mjadala ila halipigiwi kura. Kuna swali juu ya tukio la sasa. Kuna mwito wa kujieleza, ambao waziri husimama mbele ya kikao kizima akajibu juu ya uongozi wake. Kuna kamati ya uchunguzi, na kuna kusikilizwa mbele ya kamati za kudumu. Juu ya hayo yote ipo kura ya kutokuwa na imani, iliyo mikononi mwa Bunge la Taifa pekee. Ibara ya 146 inadai saini za robo ya wabunge ili kuiangusha serikali nzima, yaani 125 kati ya 500, na saini za sehemu moja ya kumi, yaani 50, kumng'oa waziri mmoja. Kura haipigwi kabla ya saa 48 kupita tangu hoja kuwekwa mezani.

Redio na magazeti hupenda hiyo ya mwisho, na wasikilizaji pia. Ila kura ya kutokuwa na imani haijawahi kuwa chombo cha kumtetea mkimbizi. Tazama ilivyotumika 27 Januari 2021: Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga alianguka kwa kura 367. Kilichomwangusha ni kuvunjika kwa muungano kati ya kambi ya Rais Tshisekedi na ile ya Joseph Kabila. Wengi wa waliopiga kura hiyo walikuwa wamehama kutoka kambi moja kwenda nyingine ndani ya wiki chache. Chombo chenye nguvu kubwa kuliko vyote hufuata hesabu za vyama, na serikali yenye wingi mkubwa bungeni haikiogopi.

Chenye faida kwetu ni kile kisichopigiwa makofi: kusikilizwa mbele ya kamati. Huko hakuna kamera nyingi, waziri anakuja na makaratasi yake, na mbunge anaweza kumrudia swali mara tatu mpaka tarakimu itoke. Mwaka 2021 Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Bunge la Taifa iliwasikiliza mawaziri mmoja mmoja juu ya utawala wa kijeshi uliowekwa Ituri na Kivu Kaskazini, ule ambao hapa kila mtu huuita etat de siège. Ripoti yake ilikuwa kali. Ilisema operesheni ile ilianzishwa bila mpango wa kimkakati uliotayarishwa kabla, na ikahoji namna pesa zake zilivyotumika. Nani angeweza kusema baada ya hapo kwamba Kinshasa haikujua?

Halafu kikaja kile ambacho mpaka leo nakiona kuwa kosa kubwa kuliko yote. Ibara ya 144 inasema utawala wa namna hiyo hudumu siku 30, kisha hauwezi kuendelea ila mabunge yote mawili yakiruhusu nyongeza ya siku 15, na nyingine, na nyingine. Hebu fikiria maana yake. Kila baada ya wiki mbili serikali ilikuwa inalazimika kurudi bungeni kuomba. Hakuna swali la mdomo lenye nguvu ya namna hiyo. Mbunge angeweza kusema: nyongeza utaipata, lakini kwanza tuonyeshe chakula kilichofika, maji yaliyofika, barabara iliyofunguliwa. Badala yake nyongeza zilipita mfululizo, mwaka baada ya mwaka, zikawa kama mhuri wa posta. Na Bunge lilipokwenda likizo, lilikuwa likiipa serikali idhini, kwa njia ya ibara ya 129, ijiongezee yenyewe kwa amri zenye nguvu ya sheria. Basi hata ile dakika ya kuuliza ikaondoka.

Utawala huo ulitangazwa 3 Mei 2021 na kuanza kazi 6 Mei. Gavana wa kiraia akaondoka, akaja mwanajeshi, na Bunge la jimbo likasimamishwa. Jambo hili la mwisho halikuzungumzwa vya kutosha, ingawa ndilo lililotugusa karibu zaidi. Kwa katiba, Bunge la jimbo ndilo linalomwita gavana na mawaziri wake. Mbunge wa jimbo anakaa mji huu huu, anapita barabara hizi hizi zenye mawe ya volkano, na mama wa soko la Kituku, kando ya ziwa, anaweza kumsimamisha njiani. Tangu siku ile maswali yote ya jimbo yalibidi yapande ndege kwenda Palais du Peuple, jengo la Bunge huko Kinshasa, na huko yakutane na maswali ya majimbo mengine 25.

Jaribio la kwanza halikuchelewa. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu kwa mamia ya maelfu wakaenda Sake, Rutshuru, Minova na ng'ambo ya mpaka Rwanda. Nani aliamua njia zipi zitumike, nani alipanga maji ya kunywa Sake, nani aliorodhesha familia ambazo nyumba zao zilizikwa na lava katika wilaya ya Nyiragongo? Hayo ni maswali ya Bunge la jimbo hasa. Bunge hilo lilikuwa limefungwa wiki mbili kabla.

Pengo la pili ni la viti. Uchaguzi wa 20 Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Bunge jipya lilipofunguliwa Januari 2024, wilaya hizo mbili, ambazo ndizo zilizokuwa zikimwaga watu Goma kwa malaki, hazikuwa na mbunge aliyechaguliwa. Mkulima wa maharage kutoka Masisi aliyekuwa analala chini ya hema la plastiki Bulengo hakuwa na mwakilishi nyumbani kwao, na pale alipokimbilia hakuwa mpiga kura wa mtu. Wabunge wa Goma na Nyiragongo waliweza kumsemea kwa hiari yao, na wengine walifanya hivyo. Lakini hiari si wajibu, na anayesema kwa hiari huwa wa kwanza kunyamaza mambo yakiwa magumu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, maana hata mahali pa kuuliza pakiwapo, swali baya halimsumbui waziri.

Turudi kwenye mlima Nyiragongo. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kinategemea fedha za Benki ya Dunia. Fedha hizo ziliisha 2020. Kwa miezi kadhaa kituo hakikuwa na pesa ya kulipia intaneti inayoleta taarifa kutoka vipimo vya mbali vilivyowekwa kuuzunguka mlima. Mlima wenye ziwa la lava, juu ya mji wenye watu wengi kiasi hiki, na bili ya intaneti haijalipwa. Swali lililohitajika wakati ule ni fupi sana: mradi wa mfadhili unaisha lini, na baada ya hapo nani analipa? Lingeelekezwa kwa wizara ya utafiti wa kisayansi, kwa maandishi, mwaka mmoja kabla.

Miaka minne baadaye swali hilo hilo likarudi kwa ukubwa mwingine. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa inabeba takriban asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Tarehe 20 Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada yake ya nje. Wiki moja baadaye, 27 Januari, waasi wa M23 walikuwa ndani ya Goma. Mpango wa misaada wa Umoja wa Mataifa kwa Kongo mwaka huo ulihitaji dola bilioni 2.54. Mtu yeyote aliyesoma ripoti za mwaka uliotangulia aliona kwamba mfadhili mmoja anashika zaidi ya nusu ya chakula na dawa za watu wetu. Janga la namna hiyo halina haja ya kutabiriwa. Limeandikwa kwenye jedwali la bajeti. Kikao cha Septemba, ambacho kwa katiba ndicho kikao cha bajeti, ndipo mahali pake: waziri, mfadhili huyu akijitoa kesho, serikali yetu imetenga nini?

Ninaposema swali zuri, nina maana ya kitu cha kushikika. Chukua maji ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji. Ardhi pale ni lava iliyoganda. Jembe haliingii, kwa hiyo choo hakichimbwi kama kwingine. Kinajengwa juu ya ardhi na shimo lake hujaa upesi. Maji ya bomba hayatoshi, kwa hiyo yanaletwa kwa magari, au watu wanakwenda mbali na bidoni za njano, na mwenye pesa kidogo anamlipa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao, ambebee. Watu walianza kumiminika huko mwaka 2022 wakitoka Rutshuru. Desemba mwaka huo kipindupindu kikalipuka. Kila fundi wa maji mjini angekuambia Oktoba kwamba kitakuja: watu wengi, vyoo vichache, lava chini, mvua juu.

Mbunge anaweza kusimama na kusema: "Mheshimiwa Waziri, serikali inafanya nini juu ya mateso ya ndugu zetu wa Kanyaruchinya?" Waziri atajibu kwa dakika 20, atatoa pole, atasema Mkuu wa Nchi anafuatilia kwa karibu, na atakaa. Kila mtu atapiga makofi. Au mbunge anaweza kuandika hivi: kuna watu wangapi kambini kwa hesabu ya wizara yako, wanapata lita ngapi kwa siku kila mmoja, nani analipia mafuta ya magari ya maji, mkataba wake unaisha tarehe gani, na vyoo vipya vitakamilika mwezi gani? Kipimo cha kimataifa cha dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Waziri akijibu "lita sita", amekiri. Akijibu "lita 20", waandishi wa habari na wauguzi waliopo pale watamwumbua kabla jua halijatua. Akikataa kujibu, kukataa kwake kumeandikwa.

Kuna tundu lingine ambalo maneno mazuri ya waziri hupotelea, nalo ni safari ya pesa. Katika nchi yetu matumizi ya serikali hupita hatua nne: kwanza wizara inajifunga kwamba itatumia, kisha deni linahakikiwa na kukadiriwa, kisha amri ya kulipa inatolewa, na mwisho hazina inalipa. Waziri anaweza kusema kwa kweli kabisa kwamba "pesa za wakimbizi zimetolewa", akiwa na maana ya hatua ya kwanza, huku mwenye gari la maji akisubiri hatua ya nne kwa miezi. Hajadanganya, lakini mtu wa kambini hajanywa. Ndiyo maana mbunge anayejua kazi haulizi tarakimu zilizopigiwa kura. Anauliza kilicholipwa, tarehe iliyolipwa na aliyepokea. Na asiporidhika, Mahakama ya Hesabu ipo, kazi yake ikiwemo kulisaidia Bunge kufuatilia matumizi hayo.

Mtu atasema: wabunge wanajua haya yote, wanaogopa tu. Ni kweli kwamba kuuliza kuna gharama, na Kivu inaijua gharama hiyo kwa jina. Januari 2009 jeshi la Rwanda liliingia Kivu Kaskazini kwa makubaliano na Kinshasa ili kuwasaka waasi wa Kinyarwanda wa FDLR. Spika wa Bunge la Taifa wakati huo, Vital Kamerhe, mtu wa Kivu Kusini, alisema kwenye Radio Okapi kwamba hakuarifiwa. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba Bunge halikujua jeshi la kigeni linaingia nchini. Chama chake mwenyewe kikamgeuka, na Machi mwaka huo akajiuzulu uspika. Wabunge waliokuwa ukumbini siku ile walijifunza somo, na nahofia wengi walijifunza somo baya. Mimi nakisoma kisa hiki upande wa pili. Serikali haikutikisika kwa hotuba ndefu yoyote ya mwaka ule. Ilitikisika kwa swali moja dogo lenye jibu la ndiyo au hapana: Bunge liliarifiwa?

Leo mambo yamekuwa magumu zaidi. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko chini ya muungano wa waasi wa AFC/M23. Kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa Februari mwaka huo na watu wakaambiwa warudi kwao, wengi wakiwa hawana nyumba ya kurudia. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa, na mshahara wa mwalimu ukaanza kutafutwa kwa njia za kuzungukazunguka. Wanaoushika mji hawana bunge ambalo mkaaji anaweza kulipelekea swali. Serikali ya Kinshasa kwa upande wake haina askari polisi hata mmoja barabarani hapa, lakini bado ndiyo serikali ya watu hawa mbele ya katiba: inapanga bajeti kwa jina lao, inawasemea kwenye meza za mazungumzo, inapokea ahadi za wafadhili kwa ajili yao. Wapo wanaodai kwamba mbunge wa Goma hana tena cha kumwuliza waziri asiyefika Goma. Sikubaliani nao hata kidogo. Waziri asiyefika ndiye wa kuulizwa zaidi, kwa sababu hana macho yake mwenyewe hapa.

Na vitu vya kuuliza vipo tele. Tarehe 30 Oktoba 2025, kwenye mkutano wa Paris, zilitangazwa ahadi za zaidi ya euro bilioni 1.5 kwa eneo la Maziwa Makuu, na ikasemwa kwamba uwanja wa ndege wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zinazofuata. M23 wakasema hawakushirikishwa. Waziri wa mambo ya nje anaweza kuulizwa kwa maandishi: ni kiasi gani cha ahadi hiyo ni fedha mpya, kipi ni cha Kivu, kinapita kwa nani, na nani anazungumza na nani juu ya uwanja? Waziri wa fedha anaweza kuulizwa ni hospitali zipi za Goma zinazoendelea kupata mgao wao. Barabara za chakula nazo: watu wa mji huu hawajasahau 3 Oktoba 2024, mashua ya MV Merdi ilipozama karibu kabisa na Kituku ikitoka Minova, imejaa kupita kiasi kwa sababu barabara ilikuwa imekatwa. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Msongamano kwenye mashua zile ulikuwa umeonekana kwa miezi.

Mkaaji wa kawaida naye hana sababu ya kungoja mpaka depite ajisikie. Ibara ya 27 ya katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa maandishi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na inaitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya miezi mitatu. Kamati ya wamama wa mtaa, parokia, chama cha wauguzi, wote wanaweza. Andiko lenyewe liwe fupi: mahali, idadi ya watu, kinachokosekana, tarehe ambayo kitakwisha au kitaharibika, na wizara inayohusika. Nakala moja iende kwa wizara, nyingine kwa wabunge wa Goma au Nyiragongo, nyingine kwa ofisi ya kamati husika bungeni. Vikao vya kawaida vinaanza 15 Machi na 15 Septemba, kwa hiyo karatasi ifike wiki chache kabla ya hapo, kwa sababu ratiba ya maswali hupangwa mwanzoni. Bunge likiwa likizo na hali ikachacha, ibara ya 116 inaruhusu kikao kisicho cha kawaida kuitishwa kwa ombi la ofisi ya Bunge au la nusu ya wabunge, na jambo hilo pia linaweza kudaiwa kwenye karatasi hiyo hiyo.